Gundi Ikiachia, Ribiti Hubeba Mzigo Usio Wake

Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Aloha Airlines aina ya Boeing 737-200 ilipaa kutoka Hilo kwenda Honolulu, visiwani Hawaii, ikiwa na watu 95. Ilipofika futi 24,000 angani, kipande cha paa chenye urefu wa mita tano na ushee kilichomoka. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakuonekana tena. Marubani waliishusha ndege Kahului, kisiwani Maui, abiria wa mbele wakiwa wamefunga mikanda bila paa juu ya vichwa vyao.

Wengi wetu tukiona ribiti tunadhani ndizo zinazoshika mwili wa ndege. Katika ndege hii, pale mabati ya aluminiamu yalipolaliana, yalibandikwa kwa kitambaa chenye gundi ya epoksi, na gundi hiyo ndiyo iliyokusudiwa kubeba mzigo. Ilitaka kutunzwa kwenye baridi: ikipata joto mapema inakauka kabla ya kazi, ikipata unyevu haishiki sawasawa. Ndege ilikuwa na miaka 19 na ikiishi kwenye hewa ya chumvi. Gundi ikaachia, maji yakapenya, kutu ikaanza, mzigo wote ukaangukia ribiti.

Hapo ndipo penye hatari. Ili kichwa cha ribiti kilale sawa na bati, tundu huchongwa mdomo mpana. Bati lenyewe halifiki unene wa milimita moja, kwa hiyo ukingo wa tundu ulibaki mwembamba kama wembe. Ndege hiyo ilishapaa na kutua zaidi ya mara 89,000, na kila safari mwili wake ulivimba kwa hewa ya ndani kisha ukanywea. Nyufa zikazaliwa tundu baada ya tundu, mpaka siku zilipoungana.

Tatizo la ufa wa kwenye gundi ni kwamba umefichwa katikati ya mabati mawili. Fundi anaweza kugonga juu ya kiungo kwa sarafu: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipoachia sauti hufifia. Mawimbi ya sauti tusiyoyasikia huonyesha pengo kwa undani zaidi. Ninayoipenda mimi ni njia ya maabara: unabandika kipimo chembamba cha waya mgongoni mwa bati, karibu na mwisho wa kiungo. Ncha ya ufa inapopita chini yake, bati hujipinda kwa namna nyingine, na namba zilizokuwa zikielekea upande mmoja zinageuka. Ukipanga vipimo kadhaa kwa mstari, unaujua mwendo wa ufa bila kufungua chochote.

Hata hivyo, hakuna kati ya njia hizi inayopima nguvu ya gundi. Mabati yanaweza kugusana vizuri kabisa, sauti ikapita, na mshiko usiwepo. Ndiyo maana usafi wa bati siku ya kubandika hauna mbadala.

Uchunguzi wa Marekani uliulaumu mpango wa matengenezo wa shirika kwa kutoiona hali hiyo mapema. Lakini abiria mmoja, alipokuwa akipanda, aliuona ufa karibu na mlango. Hakumwambia mtu. Wewe ukiona ufa kwenye ndege, mwambie mhudumu kabla mlango haujafungwa.