Je, Wajua? Makali ya Miaka Milioni Mbili, Kutoka Olduvai Hadi Mang'ola

Je, wajua kuwa eneo la Sumida, jijini Tokyo, kuna jumba zima la makumbusho kwa ajili ya panga za jadi tu? Lilihamia hapo mwaka 2018. Upanga huwekwa mtupu, bila mpini wala ala, ili mgeni alione bapa, urembo wa makali uliotokana na moto na maji, na jina la mhunzi pale alipolichonga. Wajapani wanastahili pongezi. Lakini mkazi wa Karatu anayetaka kujua habari za makali ana hazina karibu zaidi.

Je, wajua kuwa zana za mawe kongwe zaidi zilizofukuliwa Olduvai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, zina umri wa takriban miaka milioni 2? Makumbusho mapya ya hapo yalifunguliwa mwaka 2017. Usizipite haraka zile zana zinazofanana na kokoto. Mtu wa kale aligonga jiwe kwa jiwe, vipande vyembamba vikabanduka, na vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa visu vyake. Mifupa ya wanyama iliyopatikana bondeni bado ina alama za kuchinjwa na kuchunwa.

Na mawe hayakuokotwa ovyo. Mengi ni yale meupe, magumu, ya kilima cha Naibor Soit, yaliyobebwa kilomita kadhaa hadi mahali pa kazi.

Je, wajua kuwa mojawapo ya zana za mawe za Olduvai iko London? Ilichukuliwa na msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey mwaka 1931. Mwaka 2010, British Museum ilipoisimulia historia ya dunia kwa vitu 100, jiwe hilo la Tanzania lilikuwa la pili, na shoka la mkono, la Olduvai vilevile, likawa la tatu.

 

Mwaka 2025 watafiti walitangaza zana 27 za mifupa kutoka Olduvai, nyingi za tembo na kiboko, za miaka milioni 1.5 iliyopita. Mfupa ulichongwa kwa ustadi uleule wa jiwe.

Na chuma je? Wajua kuwa Wahaya wa Kagera walifua chuma kigumu cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita? Mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye mkaa. Utafiti kuhusu ufundi huo ulichapishwa mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla yake, Wajapani walikuwa wamelifufua tanuri lao la jadi la chuma cha panga, linaloyeyusha mchanga wa chuma usiku na mchana kwa siku 3. Samurai walikatazwa kuvaa panga hadharani mwaka 1876, ila ufundi haukuachwa ufe.

Hapa kwetu ufundi wa uhunzi uko hai, Mang'ola, wilayani Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, penye mashamba ya vitunguu. Wahunzi wa Kidatoga hufanya kazi wakiwa wameketi chini. Mmoja anashika viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, kimoja kila mkono, na kuvibana kwa zamu ili moto usipumzike. Mwingine anautoa msumari mwekundu kwenye mkaa, anaulaza juu ya fuawe na kuugonga mpaka unakuwa bapa, kisha anautengenezea ncha na miiba ya kando. Hiyo ni chembe ya mshale wa mwindaji wa Kihadzabe. Malipo ya zamani yalikuwa asali, nyama au ngozi. Kufuli bovu la shaba nalo huyeyushwa likawa bangili.

Je, wajua kuwa sime ya morani wa Kimaasai hupanuka karibu na ncha, hukata pande zote mbili, na hukaa katika ala ya ngozi nyekundu? Siku hizi nyingi hufuliwa kutokana na springi za magari au tupa kuukuu. Wahunzi wa Kimaasai, Ilkunono, kwa mila hawakuoana na wengine, ingawa hakuna morani aliyekwenda vitani bila kazi ya mikono yao. Kwangu mimi hilo ni deni la heshima ambalo makumbusho yanaweza kulilipa: fuawe na viriba vya Mang'ola viwekwe jumba moja na mawe ya Olduvai, na jina la mhunzi liandikwe.

Ukienda Eyasi, usinunue bangili ukaondoka. Keti, tazama kazi mpaka iishe, na umuulize mhunzi jina lake na alifundishwa na nani.