Mke, Mume na Benchi la Mama Lishe

Mwanamume anayefanya kazi katikati ya Dar es Salaam mara nyingi ana mama lishe wake. Anajua siku ya maharage ya nazi na siku ya dagaa, na mama naye anajua kwamba mteja huyu hali pilipili lakini hawezi kula bila ndimu. Mazoea hayo huweza kudumu miaka kumi bila mke kulikanyaga lile banda. Siku ya mke kutolewa ikifika, wawili hao huenda kwenye hoteli yenye vitambaa mezani, husubiri chakula muda mrefu, kisha hurudi nyumbani wakiijadili bili zaidi ya walivyokijadili chakula.

Mpango huo umekaa kinyume. Hoteli yenye orodha ya vyakula hamsini haiwezi kuvipika vyote upya kila siku. Vingine hukaa kwenye friji vikimngoja mteja asiyejulikana atakuja lini. Mama lishe anayepika sufuria mbili tatu akazimaliza kabla ya alasiri hana kiporo cha kuuza kesho. Kwa mke na mume wanaotaka kula vizuri bila kuumiza mfuko, sufuria inayokwisha mapema ni dalili nzuri zaidi ya usalama kuliko marumaru sakafuni.

Ni kweli kwamba hofu ya tumbo ina msingi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika mikoa mingi ya nchi, na wauza vyakula vya barabarani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kunyooshewa kidole. Lakini ugonjwa huo hauchagui nyota za hoteli. Mwaka 2017, wajumbe waliokuwa kwenye mkutano wa masuala ya afya katika hoteli kubwa jijini Nairobi walilazwa kwa kipindupindu. Hao walikuwa wakijadili afya, na hawakuwa kwenye benchi la barabarani.

Kinachoamua ni joto na muda. Bakteria wengi wanaosababisha magonjwa ya chakula huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kikihifadhiwa cha moto kiwe juu ya nyuzi 60, na kikipashwa kipite nyuzi 70 hadi ndani kabisa. Joto la mchana la Dar, Tanga au Mombasa huzunguka nyuzi 30, yaani katikati kabisa ya eneo la hatari. Mteja hana kipimajoto, lakini ana macho. Mvuke unapanda sufuria inapofunuliwa? Makaa bado yana moto chini yake, au jiko limezimwa tangu adhuhuri?

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye mgahawa si lile la kawaida la "kuna nini?" Atavitaja vyote, hata vilivyopoa. Mke akisema, "Shikamoo mama, kipi kimeiva sasa hivi?" jibu huwa tofauti, na mara nyingi la kweli. Mama lishe hataki kumpoteza mteja aliyeletwa na mumewe kwa mara ya kwanza.

Kila mgahawa una saa yake, na wenyeji huifuata bila kufikiri. Asubuhi ya Dar es Salaam ni ya supu ya ng'ombe au makongoro kwa chapati. Ikikaribia saa tano kinachobaki ni mchuzi wa mwisho na mifupa. Mombasa, mahamri na mbaazi wa nazi ni chakula cha mapema, kabla unga ulioumuliwa usiku haujawa mahamri baridi yaliyolowa mafuta. Mchana ni zamu ya wali na ugali, na saa saba ndiyo kilele chake. Ijumaa baada ya sala, pilau na biriani hupikwa kwa wingi Mombasa na Unguja, na kwa kuwa hununuliwa kwa wingi, hazikai. Jioni huja mishikaki, chipsi na urojo. Wanandoa wanaofika saa kumi alasiri kuomba wali wa mchana wasimlaumu mpishi. Wamekuja saa ambayo si ya wali.

Wali wenyewe unastahili maelezo zaidi, kwa sababu watu huuona kama chakula kisicho na madhara. Mchele huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujifungia ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukipikwa na kuliwa ukiwa moto, mbegu hizo hazina nafasi. Ukiachwa kwenye sufuria pana mchana kutwa, mbegu huchipua, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Kuupasha wali upya, hata ukatoa mvuke hadi darini, huwaua bakteria na kuiacha sumu palepale. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa chache, pengine kabla hajafika nyumbani, kisha analaumu nyama. Wali mkavu juu na wenye mabonge ya baridi katikati hauna haja ya kujadiliwa. Chukueni ugali, ambao aghalabu husongwa upya kila unapopungua.

Samaki nao wana mtego unaofanana. Jodari na vibua wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini, na hiyo nayo haitoki kwa kukaanga wala kuchoma. Aliyeila huhisi uso ukimwaka, ngozi ikiwasha, kichwa kikigonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi hudhani ni mzio. Hapa ndipo kula wawili kunapokuwa na faida ambayo mlaji wa peke yake hana: kama mke na mume wamemla samaki yuleyule na wote nyuso zimewaka, wa kushukiwa kwanza ni samaki. Wachunguzi wa milipuko ya magonjwa hufanya kazi kwa hesabu hiyohiyo, wakiuliza nani alikula nini na nani aliumwa. Tofauti ni kwamba wao huwa na orodha ya wageni mia mbili wa harusi.

Bustani ya Forodhani, Unguja, ni shule nzuri ya mambo haya. Ilifunguliwa mwaka 1936 kwa heshima ya jubilei ya Sultani Khalifa, ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya 2009. Kila jioni wachuuzi hupanga mezani mishikaki ya samaki, ngisi, kamba na pweza chini ya taa. Mgeni huvutiwa na meza iliyojaa. Mwenyeji hutafuta iliyopungua. Vingi vya vilivyopangwa vimepikwa kabla, na moto wa pale ni wa kuvipasha tu, basi ni busara kufika mapema baada ya Magharibi na kumwomba mchuuzi akiache kipande juu ya makaa mpaka kiwe cha moto hadi kati. Zanzibar pizza ni salama zaidi kwa hesabu hii: unga husukumwa, nyama na yai huwekwa, na vyote huiva mbele ya macho ya mnunuzi. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi haipiti motoni, basi utazamwe usafi wa anayeikamua, na iulizwe barafu yake imetokana na maji gani.

Pweza ana sifa yake nyingine. Supu yake huuzwa jioni kwa wanaume wenye haraka ya kurudi nyumbani, na sababu wanaijua wenyewe. Kilicho hakika ni kwamba ina protini. Mke akimkuta mumewe kwenye kibanda hicho, anaweza naye kuagiza bakuli lake.

Urojo unahitaji kutazamwa kwa jicho la upishi. Ule mchuzi wa manjano, wa unga na embe au ndimu, ukiwa jikoni unatokota hauna wasiwasi, na bhajia, kachori na viazi vyake vimeshapita motoni. Chatne ya nazi ndiyo inayochacha haraka, kwa kuwa haipikwi na nazi iliyokunwa haivumilii joto. Wanandoa wakitaka kuujua ubora wa muuzaji, waionje chatne kwanza kwa ncha ya kijiko. Ikiwa na ukali usio wa ndimu wala pilipili, waombe bakuli bila hiyo.

Kachumbari ina shida ya aina hiyo, nayo hufuatana na karibu kila chakula, kuanzia pilau ya Tanga hadi nyama choma ya Kenyatta Market, Nairobi. Nyanya na vitunguu havikupita motoni. Ndimu husaidia kidogo tu. Usalama wote umo kwenye maji ya kuoshea na mikono ya aliyekata.

Mikono hiyo inaweza kuchunguzwa bila kumkosea mtu adabu. Mezani, ndoo yenye koki na sabuni ni bora kuliko bakuli moja linalozungushwa kwa wateja wote, hata bakuli hilo likiwa la shaba. Mhudumu anayepokea noti asiwe yule anayekunja chapati. Malipo kwa simu yamepunguza tatizo hili katika vibanda vingi, ingawa wateja huyasifu kwa sababu ya chenji. Nchini Kenya, sheria humtaka anayeshughulika na chakula cha kuuza apimwe afya na kupewa cheti cha miezi sita, na wenye mikahawa wengi hukitundika ukutani. Kisomeni tarehe. Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, wakati Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilipogeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa, ZFDA.

Chipsi hazihitaji maneno mengi. Mafuta ya moto huua bakteria wengi, mradi chipsi zimetoka humo sasa hivi na si kwenye sanduku la kioo tangu saa tisa. Mafuta meusi, yanayotoa povu na moshi mapema, yamechoka. Chipsi mayai ziombwe, yai liive hadi kati.

Lipo pia suala la mahali pa kukaa, ambalo wataalamu wa chakula huliruka ilhali ndilo linalowafanya wake wengi wakatae kutoka. Mabenchi ya barabarani yalizoeleka kuwa ya wanaume, na mwanamke akikaa hapo huhisi anatazamwa sahani. Mikahawa mingi ya Waislamu Mombasa na ile ya Wasomali mtaani Eastleigh, Nairobi, ina jawabu la siku nyingi: chumba cha familia, ghorofani au nyuma ya pazia, chenye chakula kilekile cha jiko lilelile. Mume aulize mlangoni kabla ya kumkalisha mkewe karibu na kaunta. Mombasa kuna jawabu jingine lisilo na pazia. Mama Ngina Drive, iliyokarabatiwa mwaka 2019, hujaa jioni wanandoa waliokaa kuielekea bahari, wakila mihogo iliyotiwa pilipili na ndimu, kachiri, na madafu yanayokatwa papo hapo. Dafu limefungwa na Muumba mwenyewe; kilichobaki ni kutazama panga na mrija.

Kuhusu namna ya kuagiza, wawili ni idadi nzuri kuliko wanne. Mmoja achukue wali kwa samaki wa nazi, mwingine ugali kwa mboga na nyama, kisha sahani zikae katikati. Penye kaunta ya kuchagulia, kama mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, Unguja, ni rahisi zaidi: macho huchagua kabla ya mdomo kutamka, na sufuria isiyotoa mvuke hupitwa kimya kimya. Kwenye nyama choma ya kupima, kumbukeni kwamba mizani hupima nyama mbichi, pamoja na mfupa. Motoni hupotea maji na mafuta, hata robo ya uzito au zaidi, kwa hiyo kilo moja haifiki mezani kilo. Kwa watu wawili wenye ugali na kachumbari, nusu kilo ya mbuzi aghalabu hutosha, na ikipungua huongezwa. Kuagiza kilo nzima kwa ajili ya kumwonyesha mke ukarimu ni kununua kiporo.

Mkiumwa baada ya yote hayo, andikeni mlichokula, saa mliyokula na saa tumbo lilipoanza. Kuharisha maji mfululizo, hasa yanayofanana na maji ya mchele, si jambo la kungojea kupambazuke: anzeni kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS na mwende kituo cha afya usiku huohuo. Kisha mwambieni afisa afya wa kata yenu. Taarifa ya watu wawili waliokula sahani moja inaweza kumfikisha kwenye sufuria sahihi kabla wateja wa kesho hawajafika.