Mwana na Dirisha: Nuru na Mkao katika Picha ya Mtoto Mchanga

Katika kasha la mke wangu mna picha moja tu ya kifungua mimba wetu. Ilipigwa siku ya arobaini yake, katika studio moja ya mjini. Mpiga picha alisimama wima, akaielekeza kamera kutoka juu, akamulika kwa taa kali. Mwaka haukutimia, mwana akatangulia mbele ya haki. Leo ukiitazama picha ile waona kofia, waona na mto wa maua. Uso ni mweupe mtupu kama chokaa. Mama yake huisogeza karibu na taa, akaitafuta sura asiipate.

Ndiyo sababu, wasomaji wapenzi, nashika kalamu. Siku hizi simu ina kamera, na mtoto hupigwa picha mia kabla hajanyolewa nywele za siku ya saba. Lakini wingi si uzuri. Kosa la studio ile limehamia majumbani.

Kwanza ni nuru. Taa ya kamera hummulika mtoto usoni moja kwa moja, ikafuta vivuli vyote. Na uso usio na kivuli hauna pua wala mashavu. Izime. Mweke mtoto ubavuni mwa dirisha, mahali penye mwangaza lakini jua lenyewe halimgusi. Saa tatu za asubuhi ni njema, na baada ya alasiri pia. Jua la adhuhuri huchora weusi chini ya nyusi. Mwangaza ukizidi, tundika shuka jeupe dirishani. Upande wenye giza, mtu na ashike kitambaa cheupe, kirudishe nuru kidogo shavuni.

Pili ni mkao. Keti chini mkekani, kamera iwe sawa na macho ya mtoto. Ukimpiga kutoka juu, kichwa hukua na miguu hutoweka. Usimsogelee mno, pua itavimba. Ondoa chupa ya chai na viatu nyuma yake. Macho yakae juu kidogo ya nusu ya picha, na upande anaotazama uache nafasi. Shingo yake bado changa, basi mama na amshike. Mkono wa mama pichani ni pambo, si aibu.

Tatu ni wakati. Mtoto mchanga huona vyema kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, kiasi cha shubiri moja hivi. Kwa hiyo humtazama mama, si kamera. Mama akiinama upande wa dirisha, mtoto atamgeukia, na uso utaelekea kwenye nuru. Tabasamu la kujibu tabasamu huanza kwenye wiki ya 6 hivi, yaani karibu na arobaini. Wazee hawakuichagua siku ile kwa ajili ya kamera, lakini kamera imebahatika. Akishiba, mpige, akilia, mwache.

Mwezi uliopita nilimpiga mjukuu wangu hivyo, mama yake akimwimbia. Wanja wa kipajini waonekana, na macho yaonekana. Nikaipeleka ichapishwe karatasini, kwani simu huibwa, tena huanguka majini. Bibi yake aliitia katika kasha lile lile, juu ya ile ya kwanza, asiseme neno.