Maisha ya Dungu: Nyumba ya Pili ya Mkulima wa Mlimba

Wahisani wanaofika Mlimba kwa mara ya kwanza kati ya Januari na Mei huwa na swali moja: mbona kijiji kiko kitupu? Nyumba nyingi zina makufuli, kwaya imebaki na watu wachache, na mkutano ulioitishwa wiki mbili kabla haupati akidi. Wengine huondoka wakidhani kwamba wananchi hawana mwamko wa maendeleo.

Jibu ni kwamba watu wako shamba. Na wengi wao hawaendi asubuhi na kurudi jioni. Wamehama, wanaishi katika vibanda vidogo vya miti na nyasi, kilomita nyingi kutoka kijijini, bondeni kwenye mpunga au pembezoni mwa msitu chini ya milima ya Udzungwa. Watalala huko wiki kadhaa, na wengine miezi kadhaa, mpaka mpunga uvunwe.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini familia za Bonde la Kilombero huishi hivyo, kibanda chenyewe kikoje, na kwa nini kamati za parokia na wahisani wanapaswa kukihesabu kibanda hicho katika mipango yao.

Kwa nini watu wanahama?

Sababu ya kwanza ni bonde lenyewe. Mto Kilombero hupita kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande mwingine. Masika yanapochanganya, mito ya milimani hushuka na maji hutanda bondeni. Ardhi hiyo yenye rutuba ndiyo inayofaa mpunga, lakini haifai kujengea nyumba ya kudumu. Eneo hilo oevu ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na karibu hekta 797,000. Kwa hiyo nyumba iko mahali pa juu, na shamba liko mahali pa chini.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Zamani Wandamba na majirani zao waliishi wametawanyika, kila familia karibu na shamba lake. Kati ya 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, wananchi walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa ili wafikiwe na shule, zahanati na maji. Huduma zilisogea karibu, lakini mashamba yalibaki mbali. Tangu hapo watu wameendelea kuongezeka, wenyeji na wahamiaji kutoka mikoa mingine, na anayetaka shamba jipya hulazimika kwenda mbali zaidi.

Sababu ya tatu ni ulinzi. Mpunga ukipandwa tu, una maadui. Mbegu huliwa na ndege na panya. Miche huchimbuliwa na nguruwe pori. Mpunga unapoanza kubeba punje, kundi la kweleakwelea linaweza kushuka asubuhi na kuacha mabua matupu kabla ya saa sita. Karibu na msitu kuna nyani na ngedere mchana, na tembo usiku. Karibu na mto kuna viboko. Mkulima anayelala kijijini anaweza kukosa mavuno ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Ndiyo maana kulala shamba si suala la hiari.

Kibanda kinajengwaje?

Vibanda viko vya namna mbili. Cha kwanza ni kibanda cha chini, chenye nguzo za miti, paa la nyasi, na kuta za nyasi, matete au vipande vya turubai. Cha pili ni dungu. Hili hujengwa juu ya nguzo ndefu, sakafu yake ikiwa miti iliyopangwa na kufungwa kwa kamba, nalo hufikiwa kwa ngazi. Aliye juu ya dungu huona shamba lote, hulala mbali na maji na nyoka, na moto ukiwashwa chini, moshi hupanda na kufukuza mbu kidogo. Mara nyingi familia moja hujenga vyote viwili: kibanda kwa ajili ya mama, watoto na chakula, na dungu kwa ajili ya mlinzi.

Gharama yake ni ndogo kwa sababu miti, nyasi na kamba hupatikana jirani. Kazi ya siku chache inatosha. Lakini tusidanganywe na wepesi huo. Kuta zina nafasi, mlango mara nyingi ni pazia la kiroba, na upande mmoja huachwa wazi ili mlinzi aone. Upenyo unaomsaidia mkulima kumwona nguruwe ndio unaompitisha mbu.

Malaria na hesabu ya vyandarua

Bonde la Kilombero lina historia ndefu katika vita dhidi ya malaria. Ifakara imekuwa kituo cha utafiti tangu 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vikijulikana kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Ushahidi huo ulitoka katika vijiji vyetu wenyewe.

Tatizo ni kwamba ugawaji wa vyandarua huhesabu nyumba ya kijijini tu. Kipimo kinachotumika katika kampeni ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Tuchukue familia ya watu sita: baba, mama, bibi, kijana wa miaka 15, binti wa miaka 10, na mtoto mchanga. Kwa hesabu hiyo wanapewa vyandarua vitatu, na karatasi inaonyesha kwamba wamekingwa wote.

Sasa tuitazame familia hiyo mwezi Machi. Mama na mtoto mchanga wanalala kibandani. Baba yuko kwenye dungu upande wa msitu. Kijana yuko kwenye dungu jingine upande wa mto. Vyandarua vitatu vimekwisha. Bibi na binti, waliobaki kijijini kwa ajili ya shule, wanalala bila chandarua. Au kinyume chake: bibi na binti wanabaki na kimoja, na mlinzi mmoja anakesha akiumwa na mbu. Familia hii haina uzembe wowote. Ilichokosa ni chandarua cha nne, kwa sababu aliyehesabu alifika wakati wote wako nyumba moja.

Wakulima wenyewe wanajua thamani ya chandarua. Utafiti uliofanyika katika mashamba ya mpunga ya Kilombero na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wengi wao tayari walikuwa wakivibeba kwenda shamba. Kinachohitajika zaidi ni maelekezo yanayofaa mazingira ya dungu. Sakafu ya miti ina nafasi, na mbu huingia kutoka chini. Kwa hiyo litandikwe jamvi au turubai kwanza, kisha ncha za chandarua zichomekwe chini yake. Chandarua kisining'inie karibu na koroboi au moto wa kuni, kwa sababu hushika moto upesi. Kikifuliwa kianikwe kivulini, maana jua kali huharibu dawa yake. Na kwa kuwa mbu huanza kuuma jioni kabla watu hawajalala, watoto waingie ndani ya chandarua mapema.

Watafiti wa Ifakara wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2016 walichapisha mfano wa kibanda cha kuhamishika kwa wakulima wa mpunga, chenye kuta za turubai na nafasi zilizozibwa kwa wavu wa mbu. Ni wazo zuri, ila turubai na fremu ni vitu vya kununua, wakati miti na nyasi havinunuliwi. Mpaka bei yake imfikie mkulima mdogo, chandarua cha ziada ndiyo njia iliyo karibu.

Mtoto akipata homa shamba

Homa ya mtoto haisubiri mwisho wa wiki. Ushauri wa wataalamu ni kwamba mtoto apimwe na kuanza dawa ndani ya saa 24. Kwa aliye kijijini hilo linawezekana. Kwa aliye shamba, safari huwa ya miguu kwenye matope, au ya mtumbwi, au ya kubebwa kwenye baiskeli, na baba hawezi kuacha mpunga bila mlinzi. Hapo ndipo familia huanza kusubiri. Hutafuta vidonge vya kutuliza homa, na siku mbili zinapita.

Tunashauri kila familia iulize kabla ya kuhama: kutoka shambani, si kutoka nyumbani, zahanati ya karibu ni ipi? Mara nyingi ni ya kijiji kingine kabisa. Njia ipi inapitika mvua zikinyesha? Nani ana mtumbwi au pikipiki? Na nauli imewekwa wapi? Majibu hayo yakiwepo, safari huanza siku ya kwanza ya homa.

Maji yanapopanda

Msimu wa mvua za El Niño wa 2023 na 2024 ulitukumbusha hatari nyingine. Mafuriko yaliyapata maeneo mengi ya Bonde la Kilombero, Mlimba ikiwemo. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua hizo na athari zake. Katika hali kama hiyo, walio kwenye vibanda vya bondeni ndio wa mwisho kupata tangazo na ndio wagumu kutafutwa, kwa sababu kijijini hakuna orodha inayoonyesha nani yuko wapi.

Watoto na shule

Msimu wa mpunga huangukia ndani ya muhula wa kwanza wa masomo. Mzazi ana njia tatu. Anaweza kwenda na mtoto shamba, na mtoto akakosa shule. Anaweza kumwacha kijijini na bibi au dada, mara nyingine na akiba ndogo ya chakula. Au anaweza kubaki naye, na shamba likaliwa na wanyama. Wengi huchagua njia ya pili, na hapo ndipo tunapokuta watoto wa miaka 10 wanaopika, kuchota maji na kulea wadogo zao peke yao. Kwa wasichana, kuachwa bila mtu mzima kuna hatari ambazo wazazi wote wanazifahamu.

Zipo njia za kupunguza mzigo huu. Mojawapo ni shule shikizi, yaani madarasa ya awali na ya chini yanayojengwa karibu na vitongoji vya mbali. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza ujenzi wa madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi. Nyingine ni chakula cha mchana shuleni, kinachochangiwa kwa mpunga au mahindi wakati wa mavuno na kuliwa msimu unaofuata.

Mipaka ijulikane

Kabla ya kujenga kibanda, mkulima ajue mipaka. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba Kilombero, na kuishi au kulima ndani ya pori la akiba bila ruhusa ni kosa kisheria. Vilevile miti ya kujengea isikatwe ndani ya hifadhi. Kibanda kilichojengwa upande usio halali wa mpaka kinaweza kubomolewa katikati ya msimu, mkulima akiwa ameshawekeza nguvu na mbegu zake zote. Ofisi ya kijiji ndiyo pa kuanzia kuuliza.

Kamati zifanye nini?

Tunazishauri kamati za parokia mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Kila Novemba, kabla watu hawajahama, viongozi wa jumuiya waandike orodha: familia ipi inakwenda shamba, eneo gani, watu wangapi, na nani anabaki kijijini. Nakala ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya.

2. Kila nyumba yenye watoto waliobaki peke yao ipangiwe mtu mzima wa jirani wa kuwatembelea angalau mara mbili kwa wiki.

3. Vyandarua vihesabiwe kwa mahali pa kulala, kijijini na shamba, si kwa idadi ya watu pekee.

4. Semina na mikutano mikubwa ifanyike kati ya Agosti na Oktoba. Kati ya Januari na Mei, kiongozi awafuate watu mashambani.

Kwa wahisani wetu tuna ombi moja. Mnapopokea taarifa ya mradi, ulizeni takwimu zilikusanywa mwezi gani. Mradi uliopimwa Septemba huona familia moja ndani ya nyumba moja. Familia hiyohiyo mwezi Machi imegawanyika sehemu nne, na aliye mdogo kuliko wote analala ndani ya kuta za nyasi. Bajeti ikimfikia huko, itakuwa imemfikia pale anapoihitaji zaidi.