Pikipiki katika mvua za Kusini (Sehemu ya pili): Tope la Kilwa na mito yake

Wiki iliyopita tuliishia kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea watu wa Kusini adha ya kusubiri kivuko cha Ndundu. Leo tunavuka Rufiji na kuingia Kilwa: Somanga, Tingi, Nangurukuru, na vijiji vya ndani ambavyo basi haliendi.

Wazee wa Lindi na Mtwara wanazikumbuka vizuri kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga kabla hazijawekwa lami. Mvua ikinyesha, mabasi yalizama hadi ekseli, na abiria walilala porini na watoto wao. Lami ilipokamilika wengi tuliamini kwamba mateso yamekwisha. Kisha, Mei 2024, kikaja kimbunga Hidaya. Vimbunga huikwepa pwani yetu kwa kawaida, maana karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayozizungusha pepo ni dhaifu; kabla ya hapo, kimbunga kinachotajwa sana Kusini ni kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Hidaya kilikuwa kimepungua nguvu kilipofika karibu na Mafia, lakini mvua yake ilitosha kusomba makalavati na kuikata barabara kuu katika eneo la Somanga. Aprili 2025 barabara ikakatika tena hapo hapo Somanga.

Barabara kuu inapokatika, malori hupanga foleni kila upande. Anayesonga mbele ni mtu wa miguu na mwenye pikipiki. Ndiyo maana ninaandika makala haya. Katika mkoa wa Lindi, kuanzia Novemba hadi Mei, bodaboda ndiye hubeba mgonjwa, mbolea, mwalimu anayeripoti kazini na mama anayekwenda kujifungua. Kazi hiyo ina elimu yake, na elimu hiyo inaanzia chini ya matairi.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaandika kwamba mvua za huko ni nyingi. Hakutuambia habari za tope, pengine kwa sababu yeye alikuja kwa jahazi. Sisi tunaotoka Nangurukuru kwenda Njinjo, au Tingi kupanda milima ya Matumbi hadi Kipatimu, lazima tulizungumzie.

Chini ya sehemu kubwa ya pwani ya Kilwa kuna mfinyanzi uliotuama baharini, kwenye kina kirefu, zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Wanajiolojia wameipa matabaka yake majina ya kwetu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Duniani kote wanasayansi wanaufahamu mfinyanzi huu, kwa kuwa umehifadhi magamba ya viumbe wadogo wa baharini wanaoitwa foraminifera yakiwa safi mno. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliotumia magamba kutoka Tanzania kuonyesha kwamba bahari za tropiki za zama hizo zilikuwa na joto kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Magamba hayo yamesalimika kwa sababu mfinyanzi hauruhusu maji kupenya.

Sasa mpeleke dereva juu ya mfinyanzi huohuo baada ya mvua ya saa moja. Maji hayazami. Yanabaki juu na kulainisha ngozi nyembamba ya udongo, huku chini pakiwa pagumu. Tairi halizami, linateleza. Hapa anayeanguka ni yule aliyeshika breki ya mbele. Mwenye uzoefu huingia gia ya pili kabla ya kufika kwenye tope, huvuta mafuta kidogo bila kukatiza, hushusha miguu karibu na ardhi, na macho yake huyapeleka mbali badala ya kuyaganda kwenye gurudumu. Akiingia kwenye mtaro uliochimbwa na magari, hubaki humo hadi utakapokwisha; kutoka katikati ndiko kunakomwangusha.

Udongo mweusi wa mbugani una tabia nyingine. Huo hunywa maji, huvimba na kunata. Hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka, na ndiyo sababu utaziona pikipiki nyingi za vijijini zimenyanyuliwa madigadi au kuondolewa kabisa. Dawa yake ni kijiti na subira. Anayelazimisha injini huunguza klachi.

Mchanga wa kando ya bahari, kinyume chake, huupenda msimu wa mvua. Njia zinazomchosha dereva kiangazi, zile zinazopita kwenye minazi na mikorosho, hushikamana zikilowa na kupitika kwa raha. Kwa hiyo wakati wa mvua njia fupi si lazima iwe nzuri. Mara nyingi inafaa kuzunguka upande wa pwani kuliko kukata katikati ya mfinyanzi, na wenyeji hujua hivyo. Waulize kabla hujaondoka, wala usiulize umbali tu: uliza ni nani aliyepita leo asubuhi, na alipita na mzigo au bila mzigo.

Tope, hata hivyo, huangusha watu. Kinachoua ni mto. Matandu unatoka mbali bara, upande wa Liwale, na kumwaga maji yake baharini karibu na Kilwa Kivinje. Unaweza kusimama ukingoni jua likiwaka, hakuna wingu, na mto ukajaa mbele ya macho yako kwa mvua iliyonyesha jana kwa watu wengine. Januari 2020 mito ya Kilwa ilifurika, Njinjo na vijiji jirani vikazama, na watu wakapoteza maisha. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini tu, yanatosha kuisukuma pikipiki pamoja na aliyeipanda, kwa sababu yanagonga magurudumu na injini kwa ubavu, na chini mchanga unahama. Kama huwezi kuvuka kwa miguu ukiwa imara, usivuke na chombo. Subiri. Mito mingi ya msimu hushuka baada ya saa chache mvua ikikatika huko juu.

Abiria naye ana wajibu. Dereva akisema, "Mama, naomba ushuke hapa, pana utelezi," si kwamba anakudharau wala hajui kazi, anakuokoa mguu. Na mshikaki wa watu watatu juu ya mfinyanzi uliolowa ni uzembe usio na utetezi, hata kama nauli imepanda na kila mtu ana haraka.

Pikipiki ikizimika ndani ya maji, usibonyeze stata. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni itajaribu kuyabana, nayo hayabaniki. Matokeo yake ni kupinda kwa koni rodi. Itoe nje, fungua plagi, piga kiki mara kadhaa maji yaruke, kausha chujio la hewa, kisha kagua oili. Ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, imwage yote uweke mpya kabla ya kuendelea, hata kama fundi yuko mbali na unaona injini imekubali kuwaka.

Nimalizie na ombi kwa TANROADS, TARURA na serikali za vijiji vya Kilwa. Madaraja makubwa yanahitaji fedha nyingi, hilo tunalielewa. Lakini nguzo ya zege yenye alama nyekundu na nyeupe, inayoonyesha kina cha maji penye kila kivuko cha barabara za Njinjo, Kipatimu na Liwale, ni kazi ya siku chache na mifuko michache ya saruji. Ziwekwe kabla ya Novemba.

Itaendelea wiki ijayo: kutoka Mbwemkuru hadi Mchinga na Lindi mjini.