Fahamu: Makato ya bima ya afya na kodi ya mume na mke
Chukua wanandoa wa Ngamiani, Tanga, nchini Tanzania, wote watumishi wa umma. Kila mwezi kila mmoja anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa bima ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa nini wakatwe wote, ilhali kadi ya mmoja inamhudumia mwenza na wategemezi wanne?

Kwa sababu mchango unafuata mshahara, si ndoa. Kodi ya mshahara nayo hukokotolewa kwa kila mfanyakazi peke yake. Tazama mshahara wa shilingi 800,000: mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 40,000, unatolewa kwanza, kisha kodi inapigwa kwenye 760,000. Ile 24,000 ya bima haipunguzi kodi hata senti, na hapo wengi hukosea. Bima anayolipa mwajiri ni habari nyingine: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiihesabu kuwa kipato chako, kwa matibabu yako, ya mwenza na ya watoto hadi wanne, mradi wafanyakazi wanaipata bila ubaguzi.

Basi michango miwili isiende bure. Mmoja aandikishe watoto, mwingine wazazi na wakwe, kabla hawajaugua.