Hesabu ya Bati Kabla ya Mkasi

Chama cha msingi kinapokusanya amana za wanachama wanaotaka kutengenezewa vihenge vya bati, katibu hupokea dhamana mbili kwa wakati mmoja: fedha, na ahadi kwamba kihenge kitakuwa tayari kabla mahindi hayajakauka. Zamani fundi alileta makisio yake kwenye karatasi moja, na kamati ikabishana naye juu ya bei. Siku hizi karakana kadhaa huleta mchoro uliotoka katika kompyuta, wenye mistari iliyonyooka na vipimo vya milimita, na mara nyingi mabishano huishia hapo. Mchoro safi huwanyamazisha watu. Lakini kompyuta huchora kosa kwa usafi ule ule inaochorea ukweli, na yafaa katibu ajue hesabu iliyo nyuma ya mchoro huo kabla hajatia sahihi hati ya malipo.

Haja ya vihenge hivyo haihitaji maelezo marefu. Dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi humwita Skania, alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa ametoka Amerika ya Kati. Kwa sadfa, kihenge cha bati nacho kilienezwa kwa wingi huko huko Amerika ya Kati, kuanzia Honduras katika miaka hiyo hiyo ya 1980, kwa msaada wa Uswisi. Bati halitobolewi na dumuzi, wala na panya. Sharti lake ni kwamba nafaka iingie ikiwa imekauka vema, na kwamba kihenge kisiwe na tundu wala mshono unaovuja. Hapo ndipo kazi ya kupima na kukata inapokuwa na uzito.

Mojawapo ya programu za kuchorea kazi za chuma katika kompyuta ni FreeCAD, ambayo hutolewa bila malipo na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ndani yake huongezwa sehemu maalumu ya kazi za bati, ambayo huchukua umbo lililokunjwa na kulilaza tambarare, ili fundi aone bati likatwe vipi kabla ya kukunjwa. Zaidi ya hayo, mtumiaji aweza kuiandikia programu hiyo orodha ya amri kwa lugha ya Python. Orodha hiyo huitwa skripti. Huandikwa mara moja, kisha kila agizo linapokuja fundi huingiza vipimo vipya, na kompyuta hurudia hatua zote bila kuchoka na bila kuruka hata moja. Katibu aliyezoea vitabu vya hesabu aweza kuilinganisha na kanuni ya kugawa malipo ya mazao: kiasi hubadilika kila msimu, kanuni haibadiliki. Kanuni ikiwa na kosa, basi kila mwanachama hulipwa kwa kosa.

Tuchukue mfano wa kihenge cha duara kinachotengenezwa kwa bati bapa la milimita 2440 kwa 1220, lenye unene wa nusu milimita. Mwanachama ameomba kipenyo cha ndani cha milimita 780. Skripti huchukua kipenyo, huongeza unene wa bati, huzidisha kwa 3.1416, na hupata milimita 2452. Kisha huongeza mshono. Mshono wa kukunja wenye upana wa milimita 10 hula milimita 30 za bati, kwa kuwa kingo mbili hukunjwa na kuingiliana. Jumla ni 2482, na bati lina 2440 tu. Zimepungua milimita 42.

Fundi asiyekuwa na hesabu hii hugundua upungufu huo akiwa na bati mkononi. Hapo hana njia ila kuanza bati la pili, au kuunga kiraka ambacho huleta mshono wa pili, nao hula milimita 30 nyingine na kuongeza mahali pa kuvuja. Lakini kipenyo kikipunguzwa hadi milimita 765, hesabu ile ile hutoa takriban 2435, na bati moja linatosha ukuta mzima, likibakiza milimita 5. Kwa kimo cha milimita 1200 ujazo hushuka kutoka takriban lita 573 hadi 552, yaani mahindi ya kilo 15 au 16 hivi katika kihenge kinachobeba karibu kilo 400. Ni wanachama wachache watakaopendelea kununua bati zima kwa ajili ya debe moja la mahindi, ikiwa wataelezwa mapema. Kwa kawaida hawaelezwi.

Skripti iliyoandikwa vizuri husema jambo hili yenyewe: humwonya fundi kwamba kipimo kimezidi bati, na humtajia kipenyo kikubwa zaidi kinachoenea. Aidha huhesabu vifuniko na vitako. Duara la milimita 790, ambalo limeachiwa ukingo wa kuunganisha, hutoka mara tatu katika bati moja. Kila kihenge kina maduara mawili. Kwa hiyo vihenge 3 hutumia mabati 3 ya ukuta na 2 ya maduara, jumla 5. Lakini vihenge 4 hutumia 4 na 3, jumla 7, na duara moja hubaki bila kazi. Katibu anayekusanya maagizo kwa hesabu ya tatu tatu hupunguza gharama bila kumbana fundi hata kidogo. Utepe unaobaki ubavuni mwa maduara, wenye upana wa milimita 430, hutosha midomo ya kuingizia na kutolea nafaka.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo lahusu fremu ya kusimamishia kihenge, ambayo hukunjwa kwa bati nene. Bati linapokunjwa, upande wa nje huvutika na upande wa ndani hubanwa. Katikati upo mstari usiovutika wala kubanwa. Mahali pa mstari huo katika unene wa bati huonyeshwa kwa namba iitwayo K. Tuseme bati ni la milimita 2, mkunjo ni wa digrii 90 na nusu-kipenyo chake cha ndani ni milimita 2, na K ni 0.4. Urefu wa bati unaoliwa na mkunjo ni 1.5708 mara jumla ya 2 na 0.8, yaani milimita 4.4. Pembe yenye pande za nje za 50 na 30 hukatwa basi kwa 46, kuongeza 26, kuongeza 4.4: jumla milimita 76.4. Anayejumlisha 50 na 30 na kukata 80 amezidisha milimita 3.6 katika kila mkunjo.

Hapa pana mtego ambao huwanasa hata mafundi waliosoma. Namba K huandikwa kwa kanuni mbili: ya Kimarekani iitwayo ANSI na ya Kijerumani iitwayo DIN. Namba ya DIN ni maradufu ya ile ya ANSI, na programu humtaka mtumiaji achague. Aliyepata 0.8 katika jedwali la Kijerumani, kisha akaiingiza kama ya Kimarekani, atapata mkunjo wa milimita 5.7 badala ya 4.4. Fremu yenye mikunjo 4 itazidi kwa milimita 5, na matundu ya boliti hayatakutana. Mchoro wake hautaonyesha dalili yoyote ya kosa.

Dawa yake haimo katika kompyuta. Hukatwa utepe wa bati lile lile litakalotumika, wenye urefu wa milimita 100 kamili, ukakunjwa digrii 90 katika mashine ile ile ya karakana, kisha pande zote mbili zikapimwa kwa nje. Pande hizo zikijumlishwa zikatoa 103.6, basi upungufu wa mkunjo ni 3.6, na K ya 0.4 ni sahihi kwa bati lile na mashine ile. Zikitoa namba nyingine, ni K iliyomo katika skripti inayobadilishwa, si bati. Jaribio hili huchukua robo saa, na hakuna katibu anayehitaji elimu ya ufundi ili kulishuhudia.

Limebaki suala la milki, ambalo kwa macho ya mkaguzi ndilo kubwa kuliko yote. FreeCAD yaweza kurekodi hatua za fundi anapochora na kuzihifadhi kama skripti. Lakini skripti iliyorekodiwa hivyo huwa na vipimo vya siku ile vilivyokwama ndani yake, na mtu mwingine akiitumia hajui ni namba ipi abadilishe. Vipimo havina budi kutolewa humo na kuwekwa katika jedwali mwanzoni, kila kimoja na jina lake: kipenyo, kimo, unene, mshono, ukubwa wa bati, K. Jedwali hilo aweza kulisoma mtu yeyote. Pale ambapo chama kimelipia kazi ya kuandika skripti, mkataba utaje kwamba nakala yake ni mali ya chama, nayo ihifadhiwe ofisini pamoja na orodha ya mabadiliko: nani amebadilisha, lini, na kwa sababu gani. Vinginevyo kijana aliyeiandika akihamia mjini, chama hubaki na kompyuta na michoro ya mwaka uliopita.

Katika daftari la mali, skripti huandikwa katika mstari wake kama ifanyikavyo kwa mizani. Utepe wa majaribio nao, ukiwa umeandikwa tarehe, unene wa bati na jina la mashine, hutiwa katika kabati la vitabu. Bati likinunuliwa kwa muuzaji mwingine, au mashine ikibadilishwa, hukatwa utepe mpya na kupimwa mbele ya mjumbe mmoja wa kamati kabla ya agizo la kwanza kukatwa.